Ombi la Waya za Meno kwa Sababu ya Paa la Bati

Msambweni,
2 Novemba, 1957.

Kwa Mheshimiwa Bwana wa Serikali ambaye kazi yake ni meno,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa sikujui jina wala ofisi. Nimeuliza hapa Msambweni, nimeuliza hadi Matuga, na kila niliyemwuliza amenionyesha Bwana wa ng'ombe, Bwana wa barabara, Bwana wa misitu na Bwana wa kodi. Bwana wa meno hakuna amjuaye. Lakini siwezi kuamini kwamba Serikali inayojua idadi ya mbwa wetu haina mtu wa kujua habari za meno yetu. Basi barua hii ikiangukia mikononi mwa Bwana mwingine, namwomba aisukume mbele mpaka ikufikie.

Mimi ni Mwanarusi binti Chirau, mwalimu wa darasa la nne katika shule ya wasichana ya hapa. Si mtu wa maneno mengi. Jambo likinikaa moyoni huliandika. Leo naandika kwa ajili ya mdogo wangu Mwanapili, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye pia ni mwanafunzi wangu. Malalamiko nimeyatia namba, kwa kuwa karani mmoja aliniambia kwamba Serikali haisomi jambo lisilo na namba.

1. Mwanapili anajua kusoma kuliko wasichana wote niliowahi kuwafundisha, lakini hasikiki. Akisimama kusoma, mkono wake wa kushoto hupanda mdomoni na kukaa hapo, na sauti inayotoka ni kama ya mtu aliyetumbukia mtungini. Meno yake mawili ya mbele yamepandana, moja limemwegemea mwenzake mfano wa watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Mwaka jana Mkaguzi wa shule alimwandikia maneno mawili tu: "Hana sauti." Alhamisi ya tarehe 14 mwezi huu Mkaguzi atarudi, na kila msichana wa darasa la nne atasoma ukurasa mmoja mbele yake. Asiyesikika hapandi darasa la tano. Baba yetu amekwisha kutoa hukumu yake: "Kama ni kusoma kimyakimya, hata nyumbani atasoma. Karatasi za kufungia sukari zipo." Bwana, huyu ni mtoto aliyemaliza kitabu cha jiografia cha darasa la sita bila ya kuambiwa na mtu. Nikifikiri kwamba mwakani atakuwa anapepeta mchele huku akijua mito yote ya Asia, nashindwa kumeza chakula.

2. Kwamba dawa ipo, nimeiona kwa macho yangu. Shangazi yetu Biasha hufua nguo katika nyumba moja ya Wazungu huko Diani. Mwezi wa Agosti nilikwenda kumsaidia, nikamkuta binti wa nyumba hiyo, umri wake sawa na Mwanapili, ameketi barazani akila andazi la shangazi kwa taabu kubwa. Mdomoni mwake mlikuwa na waya, zinang'aa, zimepita juu ya meno toka upande mmoja hadi wa pili. Mama yake alinieleza kwa upole. Waya hizo hukazwa kila mwezi, alisema, mpaka meno yakubali kukaa sawa. Thamani yake, nilipoipiga hesabu, ni ng'ombe watatu, na sisi hatuna hata mmoja. Kisha akaniambia jambo ambalo tangu siku ile halijanitoka: kwao, mtoto wa maskini hupewa waya hizo na Serikali bure. Tulipokuwa tukirudi, shangazi alinitazama usoni akasema, "Mwanarusi, usiende sasa ukaanza barua zako. Nakujua mimi." Nikamwahidi. Lakini katika kila baraza tunaambiwa kwamba sisi na wao tuko chini ya taji moja, na taji likiwa moja sioni vipi meno yawe ya namna mbili.

3. Nilianza pale ambapo mtu mwenye akili angeanza, yaani zahanati. Dresa wetu, yaani mtoa dawa wa zahanati, ni Bwana Chengo, mtu mpole sana. Alimwambia Mwanapili afungue kinywa, akatazama, akafunga kitabu chake. "Mwalimu," alisema, "kung'oa ni bure. Kunyoosha hakumo kitabuni." Aliponiona uso umenishuka, aliongeza ili kunifariji: "Na nikimng'oa yote, hakuna hata moja litakalobaki limepinda." Nililitafuta kosa katika hoja hiyo nisilione, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilipogeuka, Mwanapili alikuwa amekwisha kufika barabarani.

4. Hapa huenda ukauliza Serikali inahusika vipi na meno ya binti Chirau. Inahusika. Kwetu, mtoto aking'okwa na jino la utoto hulirusha juu ya paa na kuomba apewe jingine lililo zuri kuliko lile. Mimi nimesomeshwa elimu ya afya chuoni kwa miaka miwili, wala sisemi kwamba paa huotesha meno. Nasema tu kwamba mwaka 1952 makuti ya shule yetu yaliondolewa, likawekwa bati, na kwamba Mwanapili aling'okwa na meno yake mawili ya mbele mwaka huohuo, shuleni hapohapo, katika somo la hesabu. Juu ya makuti jino hukaa. Juu ya bati huteleza. Alilirusha la kwanza, likarudi. Akalirusha tena, likarudi likampiga kichwani. La pili likafanya vivyo hivyo. Kisha kengele ikalia, akayatia yote mawili mfukoni, na mpaka leo hajui yaliko. Jino jipya katika hali hiyo lingejuaje pa kuota?

Nakubali kwamba hayo si sayansi. Kwa hiyo nilifanya sayansi. Mwezi wa Septemba niliwachunguza wasichana wote kumi na tisa wa darasa langu. Vinywani mwao sikuweza kuona vizuri, na sababu ya kutoona ndiyo ushahidi wenyewe: wasichana kumi na wanane kati ya hao hufunika midomo kwa mkono wanaposoma mbele yangu. Kumi na wanane, Bwana! Mtu hafuniki kitu kizima. Wa pekee aliyesoma kinywa wazi, sauti ikafika hadi bustanini, ni Mbeyu, aliyetujia kutoka Gazi siku nne kabla ya uchunguzi wangu, na huko kwao alikuwa akisomea chini ya makuti. Sijapata kuona jaribio likatoa jibu wazi namna hiyo. Nasikitika kukuarifu kwamba tangu wiki mbili zilizopita Mbeyu naye ameanza kufunika. Maana yake ni kwamba bati hilo sasa linadhuru hata meno yaliyokwisha kuota.

5. Nikiwa na ushahidi huo nilikwenda katika ofisi moja ya Serikali ambayo sitaitaja, kwa sababu karani wake, Bwana Nzai, alinisaidia kwa moyo safi na sipendi aadhibiwe. Fomu ya meno hakuipata. Alitafuta kabatini, akatafuta chini ya kabati, mwishowe akatoa fomu moja iliyoandikwa neno "waya" kwa herufi kubwa. Ilikuwa ya watu ambao mashamba yao yanaharibiwa na nguruwe mwitu. "Tujaze hii, Mwalimu," alisema. "Waya ni waya." Tuliijaza bila ya uongo hata mmoja. Mahali pa shamba: kinywani. Ukubwa wake: meno ishirini na manane. Mazao: kusoma kwa sauti. Hasara iliyokwisha kupatikana: darasa la tano. Wanyama waharibifu: hakuna. Bwana Nzai alitaka tuandike angalau nguruwe mmoja ili ombi liwe na nguvu, nami nikakataa.

6. Ombi lilikubaliwa. Baada ya wiki tano lori lilisimama mbele ya nyumba yetu na kuteremsha seng'enge, yadi mia moja, yenye miba. Sitaki nionekane sina shukrani. Nilitarajia waya nyembamba kuliko hizo, lakini nilielewa kwamba haki yetu imekwisha kutambuliwa, imebaki saizi. Baba alifurahi mno. Aliizunguka ile seng'enge mara tatu, akasema, "Kumbe una mkono huko Serikalini, mwanangu, na unatuficha!" Furaha hiyo ilidumu hadi tarehe 29 Oktoba, alipofika Bwana Shamba na daftari lake kuhakikisha kwamba ua umejengwa. Aliomba kuonyeshwa shamba. Nikamwita Mwanapili. Akaja, akasimama, mkono mdomoni. Bwana Shamba alimtazama yeye, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Shamba ndilo hili?"

"Ndilo," Baba alijibu, naye hapendi kubishana na watu wa ofisi.

Bwana Shamba akaandika, "Halijazungushiwa," akatupa siku thelathini. Kwa hiyo ikifika tarehe 28 Novemba na kinywa cha mdogo wangu hakijazungushiwa seng'enge, sisi tutakuwa tumevunja amri. Tangu siku hiyo Mwanapili hali chakula mbele ya watu.

7. Kwa sababu hizo zote naomba, kwa unyenyekevu, mambo yafuatayo. Naomba waya za meno kumi na tisa, nyembamba, zisizo na miba, bure, kabla ya Alhamisi ya tarehe 14. Naomba mtu wa kuzikaza kila mwezi. Anaweza kupanda lori lilelile, dereva anaijua njia. Ikiwa waya haziwezekani, naomba bati livuliwe na makuti yarudishwe, na kila msichana apewe ruhusa ya maandishi kurusha upya. Kwa kuwa meno ya zamani yamepotea, itabidi Serikali itoe meno ya kurushia. Naamini Bwana Chengo anayo mengi, tena amekuwa akiyatupa. Na ikiwa hilo nalo ni zito, basi Mkaguzi acheleweshwe hadi vinywa vitakapokuwa tayari, maana haifai mkono mmoja wa Serikali uharibu meno na mwingine uje kuyatolea alama.

Nayaandika haya bila ya hasira. Nimekwisha kuyafikiri kwa muda mrefu, peke yangu, na kila nilipotafuta njia fupi zaidi nimerudi palepale: mtoto ana akili, mlango uko wazi, na kinachomzuia kupita ni meno mawili.

Baba anakusalimu sana, na anauliza kama misumari ya kupigilia nguzo hutolewa pamoja na seng'enge au huombwa kwa fomu yake. Dresa na Bwana Nzai wangekusalimu kama wangejua nakuandikia. Shangazi Biasha hakusalimu, kwa sababu nilimwahidi sitaandika. Mwanapili anakusalimu kwa mkono mmoja. Wa pili una kazi. Wasalimie wote wa ofisini kwako, na wa nyumbani, na kama una watoto, nawaombea meno yaliyonyooka.

Ni mimi ninayekutii na kukusubiri,
Mwanarusi binti Chirau

Nyongeza. Jumapili asubuhi.

Bwana, nalazimika kuongeza. Leo kabla ya kuifunga barua hii nilimpa Mwanapili aitazame kama nimekosea herufi popote, nikamwambia aisome kimya, nikaenda kisimani. Nikiwa kisimani nilisikia maneno yangu. Nilisikia zahanati, nikasikia nguruwe mwitu, nikasikia kicheko cha Baba, ambaye hacheki. Niliacha ndoo nikarudi mbio. Mwanapili alikuwa amesimama uani, mikono yote miwili imeshika karatasi, kinywa wazi, anamsomea Baba na majirani sita namba 6 kwa mara ya pili, kwa sababu ndiyo waliyoiomba. Hata bibi kizee wa nyumba ya pili, ambaye hasikii adhana, alikuwa akijipiga mapaja.

Nilingoja amalize. Nikamwuliza, "Na meno?"

"Meno yana nini, dada?"

"Kwani darasani hufuniki mdomo?"

Alinitazama kwa huruma, kama kwamba mimi ndiye mwanafunzi. "Si wewe unafunika ukitusomea? Sisi sote tulidhani ndivyo wanavyosoma watu waliosoma. Hata Mbeyu tulimfundisha, asikuaibishe."

Nilianza kujibu. Sauti haikusikika, maana mkono wangu ulikuwa umekwisha kupanda.

Ili nisiifiche Serikali kitu: meno yangu mimi ya utoto niliyarusha yote juu ya makuti, na yalikaa, lakini haya ya sasa yamepandana vilevile.

Kwa hiyo waya kumi na tisa hazihitajiki tena, wala bati lisivuliwe. Tafadhali futa namba 1 hadi 7, ila pale palipo na seng'enge, kwani tarehe 28 bado inakuja. Siku zimebaki kumi na moja kabla ya Mkaguzi, na kesho asubuhi nitawasomea darasa la nne ukurasa mzima, mikono yangu ikiwa mgongoni. Nimekwisha kuanza kujizoeza nyuma ya nyumba, mbele ya mbuzi wa jirani. Nimefika mstari wa nne.