Jogoo wa Shaba Ni Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Bango nimelipata! Kampuni ya rangi imemzika jogoo wa shaba mahali fulani mjini humu, atakayemfukua ni wake, na picha ya bango hili ndiyo inayoonyesha wapi. Mwanamke kabeba saa. Twiga ana kichwa kama pipa. Wengine watahangaika, mimi nina jicho. Fundi fremu mzima nishindwe na picha? Nimepunguza kingo zake, zilikuwa na nakshi za matao matao, urembo tu, ikaenea kwenye fremu. Mabaki nimempa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, azungushie nyuzi zake. Kashukuru. Hajui kitu, maskini.

Mke wangu kasema nikifunga duka tena kwa mambo yangu, funguo atazichukua yeye. Nimemwambia atafute kabati la kumweka jogoo.

Jumanne, 4 Machi

Twiga ni tangi la maji! Nimefunga duka kidogo tu. Nimelizunguka tangi mpaka kisigino kimechubuka. Mlinzi kaniuliza nafanya nini. Nikasema napima kivuli. Akavuta kiti anitazame. Jua lenyewe halikuwepo. Ikabidi niendelee kupima.

Shemeji kaniuliza nilikuwa wapi. Anajifanya hajali. Ananichunguza huyu!

Jumatano, 5 Machi

Usingizi sina, chakula hakishuki. Yule mwanamke si mwanamke, ni posta! Si ina saa pale juu? Asubuhi kabla hawajafungua nimechimba bustani yao ya maua. Nimepata kijiko, mfupa, na mkuu wa posta. Kanisimamia mpaka nikayapanda maua yote upya.

Nimerudi na udongo masikioni. Mteja wa picha ya harusi alisubiri mlangoni, akachoka, akaenda kwa fundi mwingine. Mke wangu hakugomba. Kanyoosha mkono tu. Nikampa funguo.

Kusema kweli imeniuma. Duka aliloniachia baba, sasa naingia kwa ruhusa.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kampata jogoo! Shemeji! Hata bango hana! Alikuwa anazungusha uzi kwenye vile vipande nilivyompa, akaona tao la pembeni lina kijogoo ndani. Akainua macho. Ng'ambo ya barabara, mbele ya milango yetu, yapo matao ya soko la zamani. Akavuka na mkasi wake, akafukua chini ya lile la pembeni, akarudi chai yake haijapoa. Matao ninayoyatazama kila nikifungua duka! Nilipokuwa nikifungua.

Kaja na jogoo kwapani. "Shemeji, asante kwa vile vikaratasi," kasema kwa upole. "Nyuzi zimekaa vizuri sana."

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Nimesema jogoo mwenyewe mdogo. Si mdogo.

Jumatatu, 10 Machi

Kampuni imetoa bango jipya! Kobe wa fedha! Nimemwomba mke wangu nitumie meza ya kukatia, kakubali shingo upande. Safari hii siharakishi. Nimeshajua nilipokosea: nilimwamini shemeji. Hapati hata kipande. Picha ilikuwa na ukingo wa samaki samaki, unavuruga macho tu. Nimeukata wote pande nne, nikauchoma nyuma ya duka ili asiuone. Sasa imekaa kwenye fremu vizuri ajabu. Kesho naanza na tangi la maji.