Kitasa cha Bafuni Angani

Jumatatu, 3 Juni
Leo tena. Mke wangu na mama mkwe wameganda mbele ya runinga, tamthilia yao ya chombo cha angani. Mlango wa chombo unagongwa kutoka nje, huko kusikokuwa na mtu. Sehemu ya tisa hii, na hakuna aliyeufungua! Nahodha anautazama, anashusha pumzi, muziki unalia, basi. Mimi ni fundi wa makufuli. Nimeangalia vizuri: kitasa chenyewe ni cha bafuni. Ningekifungua kwa kijiko. Nimesema hivyo, nikaambiwa ninyamaze.

Jumapili ni fainali ya mpira, saa ileile ya sehemu ya mwisho. Runinga ni moja. Lazima hamu yao ife kabla ya hapo.

Jumanne, 4 Juni
Dawa yao nimeipata. Mezani nimejifanya ulimi umeteleza, nikasema mwisho nimeshaugundua: anayegonga ni nahodha mwenyewe. Uongo mtupu, niliutunga nikichonga ufunguo. Mke wangu kaweka kijiko chini. Mama mkwe kasukuma sahani pembeni. Utamu kwisha. Leo nitalala usingizi wa pono.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Wameanza upya, sehemu ya kwanza, kutafuta dalili. Mama mkwe amezipata! Eti nahodha hana kivuli. Eti mlango ukigongwa, mikono yake haionekani. Kaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi, akasema kumbe nina akili, ila nilikuwa nimeificha. Nilifurahi, sikatai. Nikawaongezea na dalili yangu moja.

Ijumaa, 7 Juni
Jana jioni nilitoa betri za rimoti nikazitupa. Mama mkwe kachukua za saa yangu ya kuamkia. Rimoti ikafanya kazi, saa ikalala, nami nikalala. Mteja aliyefungiwa nje ya nyumba yake alichoka kunisubiri, kamwita hasimu wangu wa ng'ambo ya barabara. Yule hata kufuli la sanduku linamshinda.

Jumapili, 9 Juni
Sebule ilijaa. Mama mkwe alialika majirani waje wamwone mkwe wake mfumbua mafumbo. Mimi nilikaa sakafuni, karibu na viatu. Dirishani ziliingia kelele za goli, sijui la nani.

Hatimaye nahodha akashika kitasa. Mlango ukafunguka. Nyuma yake, mlango mwingine. Unagongwa. Itaendelea mwakani.

Nilingoja matusi. Wakapiga makofi! Mke wangu alitokwa na machozi ya raha. Msimu mzima wamelishwa hewa, na wanaomba waongezewe. Nahodha alikuwa ndani, anayegonga yuko nje, uongo wangu uko peupe, na hakuna aliyejali.

Mama mkwe akaniuliza mbele ya watu: mwanangu, nyuma ya huo wa pili kuna nini? Wote wakanigeukia. Kwa kelele za dirishani, mpira ulikuwa umefika kwenye penalti. Ningesema sijui, ningeziwahi.

Nikaomba wanipishe kwenye kochi. Hiki cha pili, nikaanza, si kitasa cha bafuni.