Baba Mkubwa Loreng Yuko Onlaini

(Hotuba ya Mheshimiwa Aukot Nangiro, Mkurugenzi Mtendaji wa Mamlaka ya Uratibu wa Nasaba Kidijitali, alipofika Kakuma kutoka Lodwar kuzindua mradi wa Mti wa Ukoo Onlaini. Alitarajiwa saa tatu asubuhi. Alifika saa saba.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye baada ya mashauriano marefu ofisini ilionekana kuwa ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Kamati Andalizi, ambaye ametuma udhuru. Naibu wake, ambaye hakutuma udhuru lakini tunamhesabu kuwa yupo. Wakuu wa idara, makaimu wa wakuu wa idara, na wale wanaokaimu ukaimu. Wachungaji, makatekista na wazee. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Sudan Kusini mlioketi upande ule wenye jua. Wenyeji wa Lopur mliotembea tangu alfajiri. Stekholda wote mlio kivulini, pamoja na stekholda mnaosubiri kivuli kisogee, nawasalimu nyote: ejok! (Ejok!) Ejok-nooi! (Ejok-nooi! Sauti ya mama mmoja: “Na chai?”)

Chai, mama yangu, imo ndani ya ratiba, na ratiba imo ndani ya gari, na gari limerudi Lodwar kuchukua maiki, kwa hiyo tuvumiliane katika roho ile ile ya ushirikishwaji iliyotufikisha hapa.

Ndugu wananchi, mkataa kwao ni mtumwa. Hivyo ndivyo walivyosema wahenga, na walisema kweli, ila hawakutuachia pasiwadi. Babu yako alifahamu majina ya wazee wake hadi kizazi cha tisa, lakini nenda leo kwenye mtandao uandike jina lake, utaambiwa hakuna matokeo! Je, mtu asiye na matokeo ni mtu? (Minong’ono.) Ndiyo maana Mamlaka yangu, chini ya uongozi wangu, kwa maono yangu, na mara nyingine kwa mikono yangu mwenyewe, ilibuni framewaki ya kitaifa ya kumpatia kila mwananchi profaili ya ukoo inayofunguka popote duniani, hata Todonyang, ambako simu yenyewe ikifunguka ni bahati. Tathmini yetu ya katikati ya muhula inaonyesha kuwa watu watatu kati ya kila wawili wa Kakuma tayari wamenufaika. (Makofi kutoka kwa karani Amuria.)

Wengi mmeniuliza, Mheshimiwa, wewe unafanyaje? Hakuna aliyeniuliza bado, lakini nayasoma macho yenu. Nitawaeleza mtiririko wangu binafsi wa kazi, ambao nimekwisha kuuwasilisha katika wekshopu sita, tano kati ya hizo nikiwa mimi peke yangu ukumbini. Asubuhi nikiamka, kabla ya kumsalimia mke wangu, nafungua profaili yangu na kuisoma yote kwa sauti. Nikiona pengo, naliziba. Profaili yataka vyanzo, na kila neno unaloliandika liwe na chanzo chake, vinginevyo ni porojo. Basi chanzo changu cha kwanza ni mimi mwenyewe, na kwa kuwa wataalamu wanasisitiza kuwa chanzo kimoja hakitoshi, chanzo cha pili ni mimi tena, siku nyingine. Baada ya hapo naandika biografia. Biografia yangu ina kurasa arubaini na moja, nami bado sijafika darasa la nne. (Kicheko.) Mwisho naunganisha. Kuunganisha ndiko roho ya kazi hii, maana ukikuta profaili mbili za mtu mmoja unazifanya kuwa moja, na dunia inakuwa safi.

Kwa njia hiyo nimeweza kuufuatilia ukoo wangu nyuma kabisa, nikapita kwa Mfalme Suleimani, nikapita kwa Nuhu, hadi kwa yule mtoto wa Nariokotome ambaye mifupa yake ilifukuliwa kule kando ya ziwa letu, mwenye umri wa miaka milioni moja na nusu. Kwa sababu ya uadilifu sikumwandika kuwa babu yangu, kwani alifariki mdogo bila mtoto. Nimemwandika ami.

Sasa niwape mfano hai. Katika awamu ya majaribio tulipokea fomu mbili. Ya kwanza ilitoka Longech, kule ziwani, kwa familia ya kijana Ekaale, muuza samaki wakavu, ambaye marehemu babu yake aliitwa Apaloreng. Ya pili ilitoka hapo jirani Lopur, kwa familia ya binti Abigael, fundi wetu wa cherehani, ambaye marehemu babu yake naye, isikieni sayansi, aliitwa Apaloreng! Mshauri wetu wa kimataifa, aliyeishi Lodwar wiki mbili nzima bila kutoka hotelini, alifanya utafiti wa lugha akagundua kuwa apa maana yake ni baba. Basi Apaloreng ni nani? Ni baba wa Loreng! Na Loreng ni nani? Ni mwana wa kwanza wa mzee! (Kicheko kinaanzia upande wa Lopur na kuenea.)

Naona furaha yenu. Hebu fikirieni, familia zote mbili zilikuwa zimesahau kumwandika kifungua mimba wao! Tuliwapigia simu tukauliza, huyu Loreng yukoje? Longech wakasema ni mwekundu, mwenye pembe ndefu. Lopur wakasema ni mwekundu, mwenye pembe ndefu. Mshauri akafafanua kuwa pembe ndefu ni lugha ya picha kwa kipaji cha uongozi. Majina yakilingana, rangi zikilingana, uongozi ukilingana, kuna kungoja nini tena? Tukawaunganisha. Hivi leo profaili ya Loreng ndiyo iliyokamilika kuliko zote, ukiondoa yangu, na tayari amealikwa kwenye kongamano la wazee vijana. (Kicheko kirefu. Mzee mmoja anashika mbavu.)

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mradi ulipookoa jamii. Kwa kuwa Loreng ni kaka ya baba yake Ekaale, na Loreng huyo huyo ni kaka ya baba yake Abigael, basi baba hao wawili ni ndugu, na Ekaale na Abigael ni watoto wa ndugu, ilhali walikuwa wamepanga kuoana Jumamosi hii! Tukawapelekea vyeti. Mchungaji Wiyual alipovisoma, alisimamisha harusi siku hiyo hiyo. Huo ndio utekelezaji wenye matokeo. (Kicheko kimekatika. Abigael, aliyeketi safu ya mbele, anajifuta macho kwa ncha ya leso.)

Naona mama mmoja amesimama. Mama, maswali ni baada ya hotuba. Mama. Haya, mpeni nafasi, ameshaichukua. Nanyi mlio nyuma mjue kuwa huyu ni Mama Nakaale, bibi yake Abigael, mjane wa Apaloreng wa Lopur. (Mama Nakaale: “Wewe Aukot, sikia. Hiyo Loreng ni ng’ombe! Ni maksai ya mzee yangu. Kwetu mwanaume anachukua jina ya maksai yake, anaimbia yeye, watu wanaita yeye hivyo mpaka anakufa. Hata hiyo mzee ya Longech ilikuwa na maksai yake nyekundu. Wewe mwenyewe ni Mturkana, hujui? Loreng yetu tulikula yeye siku ya harusi ya mtoto yetu Lomenen!” Vigelegele. Vumbi.)

Asante sana, mama, kwa mchango huo wa kitaalamu. Amuria, andika, chanzo kipya kimepatikana. Tarehe ya kufa, harusi ya Lomenen. Sababu ya kifo, harusi. Mnaona jinsi profaili inavyoboreshwa mbele ya macho yenu? (Sauti: “Mtoe kwa mti!”) Ndugu zangu, kumtoa si jambo la kukurupuka. Mimi najua sana habari za maksai, msinifundishe, lakini ofisini hatufanyi kazi kwa kujua, tunafanya kwa fomu. Kwa mujibu wa mwongozo, profaili hufutwa kwa ombi la maandishi lenye sahihi ya mwenyewe na nakala ya kitambulisho. Iwapo mwenyewe ameliwa, ombi litawasilishwa na watoto wake. (Mama Nakaale: “Maksai na watoto?”) Mama, kwenye sistimu anao kumi na wanne.

Tena tusimdharau. Wahenga walisema, ng’ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini, na zizi la leo ni mtandao. Naam, dada wa duka la sukari, Nyibol, una hoja? (Nyibol, kutoka upande wa jua: “Mheshimiwa, hata kwetu Dinka iko hivyo. Baba yangu anaitwa Malual. Malual ni ng’ombe nyekundu. Hiyo ni jina ya heshima tu.”)

Mwekundu? Umesema mwekundu? Amuria, unganisha! Ndugu wananchi, mmeshuhudia historia! Loreng ni mwekundu, Malual ni mwekundu, kwa hiyo wenyeji na wakimbizi, ambao vikao kumi na viwili vya mshikamano vilishindwa kuwaleta pamoja, kuanzia dakika hii ni watoto wa ukoo mmoja! (Kelele. Thon, fundi baiskeli, anasimama juu ya kiti: “Ngoja! Mimi ni mtoto wa Malual, na mke yangu ni mtoto wa Malual ingine. Sasa mimi nimeoa dada yangu? Mafi! Hapana! Mafi kabisa!” Wenzake wanaitikia: “Mafi!” Mke wake anavuta shati lake aketi.) Suala la Thon litaundiwa kamati ndogo. Kwa sasa asirudi nyumbani. (Kelele zaidi.)

Tafadhali! Itifaki! Kijana, usipande jukwaani, jukwaa ni la watu wenye beji. Ni nani huyu? Ekaale mwenyewe? Basi sema kwa ufupi, kama ninavyosema mimi. (Ekaale: “Mheshimiwa, mimi nimetoka ziwa na pikipiki, nikalala Lodwar, nikakuja hapa. Mimi napenda huyu Abigael. Miaka nne nimengoja. Mama yake ananiita mtoto, na sasa watu wanacheka yeye sokoni, wanasema anataka kuolewa na kaka yake. Mimi sitaki hotuba. Pasta Wiyual ako hapa, na amesema atafuata neno lako tu. Sema mbele ya watu, sistimu yako imekosea ama haijakosea?” Hata watoto wameacha kurusha mawe.)

Swali zuri. Swali zuri sana. Ningependa kulijibu kwa mapana, nikianzia na historia ya maswali. (“Imekosea ama haijakosea?”) Ekaale, mwanangu, wewe ni msomi, unaelewa kuwa kukosea ni dhana pana. (Umati mzima: “Imekosea ama haijakosea?”) Mchungaji, nawe unanitazama hivyo? Mtumishi wa Mungu na mtumishi wa umma hatupaswi kutazamana hivyo. (Mchungaji Wiyual: “Mimi nilikataza watoto hawa kwa karatasi yako, Mheshimiwa. Kama ni makosa, ni dhambi juu yangu. Nataka nijue.”)

Nisikilizeni. Katika utumishi wangu wa miaka kumi na saba hakuna karatasi yenye jina langu na neno kosa kwa pamoja. Hakuna. Wapo wakurugenzi wenzangu waliokiri kosa moja dogo, la nukta tu, na leo wanafuga kuku. Mniulize lolote, lakini msiniombe niseme Mamlaka imekosea. (Abigael anasimama. Anamtazama. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Amuria, zima hiyo rekoda. Haizimiki? Basi.

Tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema nasaba, mseme onlaini. Nasaba! (Amuria peke yake: “Onlaini!”) Profaili yangu! (Sauti moja: “Shida yetu!”) Mti mmoja! (“Ng’ombe mmoja!”) Asanteni kwa ari hiyo.

Kabla sijaketi sina budi kutoa shukrani. Namshukuru mshauri wetu wa kimataifa, ambaye nilikutana naye mezani hotelini akila samaki, akaniambia apa ni baba, kisha akalipa bili yake akaenda zake. Hakuwa mshauri, alikuwa mtalii. Namshukuru Amuria, ambaye alivichapa vyeti vile viwili kwenye cyber ya Lodwar kama vielelezo vya bango, akavigonga mhuri tuliouazima kwa bwana mifugo, na kwa bidii yake mwenyewe akavituma kwa wahusika. Na kwako wewe, Ekaale, na kwako Abigael binti yangu, na kwa Mchungaji, natamka mbele ya umati huu, na iandikwe hivyo: sistimu yetu haijakosea, haikukosea, wala haitakosea kamwe, kwa sababu haipo. Hakuna seva. Hakuna tovuti. Hakuna profaili hata moja zaidi ya ile yangu, nayo iko kwenye daftari. Hakuna mti wowote ambao nyinyi wawili mmeota juu yake, na kwa vile hakuna mti, hakuna ng’ombe wa kuwazuia. Thon, nenda nyumbani. Mchungaji, fungisha harusi Jumamosi. Nawashukuru kwa kuja kwa wingi kuzindua kitu ambacho hakikuwapo, na naomba Mungu awabariki.

(Vigelegele kutoka pande zote mbili, wenye kivuli na wenye jua. Mchungaji Wiyual anavichana vile vyeti, kisha anauliza ni nani ana kalamu aandike tarehe ya harusi. Abigael amemshika Ekaale mkono na hamwachii. Mama Nakaale anapanda jukwaani, anamkumbatia Mheshimiwa kwa nguvu hadi beji inapinda, na kumwambia sikioni, mbele ya maiki iliyofika sasa hivi kutoka Lodwar: “Jumamosi ukuje, Aukot. Tutachinja ndugu yako.”)