Waziri Amelazwa Bafuni

Jumatatu, 4 Machi

Wakwe wameondoka asubuhi. Baba mkwe anakwenda kufanyiwa upasuaji wa goti, mama mkwe anakwenda kumuuguza. Mimi na mke wangu tumehamia kwao kulinda nyumba. Na tangi! Tangi la samaki la mzee, la maji ya chumvi, refu kama kitanda. Limekaa sebuleni mahali ambapo watu wengine huweka televisheni. Televisheni yenyewe iko stoo.

Ndani mna Waziri, samaki wa bluu mwenye kitambi, anayepita taratibu kama anakagua gwaride. Mna Maharusi, wawili wa rangi ya chungwa, wanaogombana tangu taa zinapowashwa. Na mna Kinyozi, kamba mwekundu mwenye masharubu meupe, ambaye kazi yake ni kuwasafisha wenzake. Mzee anawapenda hawa kuliko wakwe zake. Sisemi kwa uchungu. Ni ukweli tu.

Maagizo aliyatoa mlangoni, ameegemea mkongojo. Niwape chakula kidogo. Nisiongeze kitu, nisipunguze kitu, nisiguse kitu. Nikamwambia aende akapone goti, huku aniachie mimi. Akanitazama kwa muda. Kisha akamtazama binti yake.

Ninachojua: mzee amechoka, anatafuta wa kumkabidhi duka lake la samani. Tuko wawili tu. Mimi, na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mpima ardhi. Mtu wa suruali yenye mstari hata siku ya mapumziko. Yeye kaachiwa kusimamia geti lipakwe rangi. Geti! Mimi nimeachiwa roho.

Jumanne, 5 Machi

Geti limeshapakwa rangi. Siku moja tu! Na mwanyumba amemtumia mzee picha. Mzee kajibu kwa alama ya kidole gumba na ua. Mimi sijawahi kupewa ua.

Nimewaza sana. Kumrudishia mtu samaki walewale ni kazi ya mlinzi. Meneja huongeza! Nikaenda duka la samaki wa mapambo. Muuzaji ni mama mmoja wa miwani mikubwa, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Pembeni nikaona samaki wa njano, yuko peke yake, bei ya kutupwa. Mama akasema ndiyo kwanza ameshuka kutoka safarini, hajaangaliwa vizuri, na atakayemchukua lazima amtenge kwenye chombo chake wiki kadhaa kabla ya kumchanganya na wengine. Nikatikisa kichwa kwa uzito wote. Nina kipaji cha kutikisa kichwa.

Nyumbani mke wangu kauliza hicho chombo cha kumtenga kiko wapi. Nikamwambia tangi la baba yake lina nafasi ya kuchezea mpira. Chubwi! Mgeni kaingia. Mzee atalia kwa furaha.

Ijumaa, 8 Machi

Mgeni ana raha isiyo kifani. Anajisugua kwenye mawe, anageuza ubavu, anajisugua tena. Anacheza! Nimemwita mke wangu aone. Kasema mbwa wao wa zamani alikuwa akijisugua vilevile, na hakuwa anacheza.

Baadaye nikaona chembe nyeupe mwilini mwake. Kama chumvi. Bila shaka ni chumvi! Maji ni ya chumvi, chumvi imeganda. Nikachukua mswaki mpya, nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mkono. Mgeni akakimbilia nyuma ya Waziri. Nikamsukuma Waziri kidogo tu.

Waziri ana wembe kwenye shina la mkia. Hakuna aliyenieleza. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 9 Machi

Waziri naye ana chembe. Maharusi wanahema kama waliopanda ngazi. Hata kugombana wameacha.

Nimekwenda kwa mama wa miwani na video kwenye simu. Hakuhitaji kuitazama mpaka mwisho. Kasema ni vimelea, ugonjwa wa vidoa vyeupe, na kauliza kama nilimtenga yule wa njano. Nikamwambia tulimtenga kwa mawazo. Akavua miwani, akaifuta.

Tiba yake hii hapa. Samaki wote watolewe, wawekwe kwenye chombo kingine, humo ndimo watiwe dawa ya shaba, kwa kipimo, kila siku ipimwe. Tangi lenyewe libaki bila samaki miezi miwili na zaidi, ili vimelea vilivyojificha chini vikose pa kula, vife. Na dawa ya shaba isiguse tangi kamwe, maana itamuua Kinyozi.

Miezi miwili! Mzee anarudi baada ya mwezi mmoja! Akute nini, mawe? Nimekataa. Kwa heshima, lakini nimekataa. Nimenunua chupa ya dawa ili asinune, nikaenda zangu.

Kuna jamaa ofisini anasema kitunguu saumu hutibu kila kitu. Nimetwanga. Nimeloweka chakula chao. Sebule inanuka, mapazia yananuka, mke wangu kahamia chumba cha wageni.

Jumatano, 13 Machi

WAMEPONA!

Nimewahesabu, nimewakagua kwa kurunzi. Hakuna hata chembe moja. Waziri anang'aa. Vitabu vyote vya samaki viandikwe upya.

Nimemkaribisha mwanyumba chakula ili aone. Nikamsimulia kisa chote, namna nilivyokaa na wagonjwa, namna nilivyoshindana na mauti. Akasema natia chumvi. Nikamwambia kweli, asubuhi nilitia vijiko kadhaa, maji yalionekana kupungukiwa ladha. Mke wangu akaweka uma chini. Kuna kipima chumvi kwenye droo, kasema. Kipo kwa sababu.

Nikapita pia dukani kumweleza mama wa miwani, nisimfiche elimu. Alicheka! Eti vidoa havijaisha, vimelea vimeshiba tu, vimedondoka chini kwenda kuzaana, na vitarudi na ukoo mzima. Nimemwelewa. Biashara. Kitunguu saumu yeye hauzi.

Jumatano, 20 Machi

Vimerudi na ukoo mzima.

Waziri kama ameanguka kwenye pipa la unga. Maharusi wamejibanza pembeni, mapezi yamekunjwa. Mgeni hayupo tena. Nimemkuta asubuhi amelala chini, Kinyozi yuko juu yake, bado anamsafisha. Hakuna aliyekuwa amemwambia aache.

Nimemzika kwenye chungu cha maua. Alikuwa samaki mdogo na nilikuwa nimempangia makubwa.

Kisha nikapiga moyo konde. Nitatia shaba humuhumu tangini, lakini kwanza nimtoe Kinyozi. Nikamfukuza kwa chujio la chai tangu saa za chai mpaka chakula cha mchana. Anarudi kinyumenyume yule! Mawe yakaporomoka, maji yakamwagika, nikateleza, nikashika pazia, pazia likaja.

Mke wangu kanikuta sakafuni. Nilitarajia kelele. Hakupiga. Alimtazama Waziri muda mrefu, na nikaona macho yake yamelowa. Kumbe Waziri aliletwa nyumbani mwaka ule mke wangu alipokuwa anaumwa akiwa msichana, akilala palepale sebuleni, na ndiye aliyekuwa akimtazama mchana kutwa. Miaka yote ya ndoa sikulijua hilo. Akasema, "Nyanyuka. Lete lile beseni kubwa la mama la kufulia. Na leo usifikirie kitu chochote, tafadhali. Shika tu ninachokupa."

Nikashika.

Alhamisi, 21 Machi

Hospitali imefunguliwa bafuni kwa wakwe. Mke wangu alipunguza maji ya tangi, akaondoa mawe moja moja, akawachota samaki kwa utulivu kama anaokota mayai. Waziri hakumchanja. Beseni lina pampu, lina kipasha joto, lina vipande vya bomba vya kujifichia. Dawa ya shaba anaipima yeye, asubuhi na jioni. Chupa anaitembeza mfukoni. Nimeuliza kama haniamini. Kasema hapana.

Sebuleni limebaki tangi la mawe na kamba mmoja, anayesimama langoni mwa duka lake akisubiri wateja.

Mke wangu anataka kumwambia baba yake leo. Nikamkumbusha kwamba mzee kapasuliwa juzi tu, daktari kasema asishtuliwe. Kakubali kwa shingo upande. Tusubiri wiki ijayo. Nimepumua.

Jumamosi, 23 Machi

Mzee amepiga simu. Hajambo. Goti linakunjika. Kesho mchana anataka simu ya video, awaone samaki wake. Hasa Waziri.

Kijasho chembamba. Lakini akili yangu hufanya kazi vizuri maji yakinifika shingoni. Kazini kuna kalenda ya mwaka jana yenye picha za viumbe wa baharini. Nimeipata. Nimepata mkasi. Nimepata uzi. Nimepata mpini wa ufagio. Mke wangu sijamwambia. Kesho ni zamu yake ya kubadilisha maji ya beseni, atakuwa bafuni.

Jumapili, 24 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa ya simu ilipokaribia, nililala nyuma ya tangi, mpini mkononi, Waziri na Maharusi wa karatasi wakining'inia majini. Nilikuwa nimewafunga vijiwe ili wazame. Walipendeza! Shida moja: nani atashika simu? Ndipo mwanyumba akaingia na chupa ya juisi, bila hodi. Alitazama samaki. Akanitazama mimi sakafuni. Sijapata kuona mtu akichekea tumboni namna ile. Akasema kwa upole kwamba angeona fahari kuishika simu.

Uso wa mzee ukatokea. Nikaanza kutikisa uzi. Mzee akasema, "Mbona Waziri anaogelea kama kanga inayoanikwa?"

Nikamjibu kutoka nyuma kwamba ana furaha.

"Baba, ngoja nikusogezee umwone vizuri," akasema mwanyumba. Akasogea. Akasogea tena. Mhaini!

Wakati huohuo Kinyozi, ambaye hakuwa amepata mteja tangu Alhamisi, akaja mbio. Akampanda Waziri, akaanza kazi. Akasafisha jicho, likatoka. Akasafisha pezi, likatoka. Wino nao ukaanza kuvuja, wingu la bluu, halafu la chungwa. Nikavuta uzi kumwokoa. Kichwa kikaja, kiwiliwili kikabaki.

Sauti ya mzee ikaja, ndogo sana: "Mwanyumba wako yuko hapo nyuma anafanya nini? Na Waziri wangu yuko wapi? Amekufa?"

Hata mwanyumba hakucheka tena. Mzee alikuwa anatetemeka midomo.

Mke wangu alitoka bafuni, mikono imelowa. Alielewa kila kitu kwa mtazamo mmoja. Akachukua simu, akasema, "Baba, hajafa. Njoo umwone." Akaenda naye mpaka kwenye beseni. Nikawasikia. Alimweleza yote, samaki wa njano, mswaki, kitunguu saumu, shaba. Hakuongeza, hakupunguza. Mzee akauliza kama Waziri anakula. Akamwonyesha. Waziri akala mkononi mwake. Nikasikia mzee anapenga kamasi.

Kisha akamwambia binti yake, "Mama, funguo za duka ziko kwenye droo ya kitanda chetu. Kesho kafungue wewe. Duka nakuachia."

Mimi na mwanyumba tulikuwa tumesimama mlangoni mwa bafu, bega kwa bega. Tukatazamana. Akamimina juisi, glasi mbili.

Jumatatu, 25 Machi

Nimelala, nimeamka, nimeelewa. NIMESHINDA! Mwanyumba hakupata duka. Duka limekuja chumbani kwangu. Ni mkakati ambao hata mimi sikuuona nilipokuwa nautekeleza.

Mke wangu kaondoka mapema na funguo. Nikamwambia nipo kwa ushauri wowote. Kasema anajua nipo.

Jumamosi, 6 Aprili

Wakwe walirudi juzi. Mzee aliingia na mkongojo, akanipita, akaenda moja kwa moja bafuni, akakaa kwenye kigoda mbele ya beseni. Yuko humo tangu juzi. Kuoga tunaoga kwa jirani.

Vidoa vimekwisha kabisa. Maharusi wanagombana tena. Nilipendekeza warudishwe tangini sasa, kuna haja gani ya kusubiri viumbe wazima? Mzee na binti yake waligeuka kwa pamoja. Wana macho yaleyale. Nikasema nilikuwa nauliza tu.

Mzee hajaninunia. Aliniita, akanishika mkono wenye kovu, akaonyesha lake, kidole kilekile, mkia uleule. Akasema nimekuwa mtu wa nyumbani sasa, ila nisiguse. Nilifurahi mno.

Lakini mwanyumba, nyoka yule, leo kaleta mto wa kukalia kigodani! Mzee kamshukuru mara mbili. Haiwezekani. Nikaenda dukani kwa mke wangu wakati yuko benki, nikazunguka uani. Nikakiona. Kiti cha enzi! Mbao nzito, mgongo wa nakshi, kimewekwa mbali na vingine vyote, kimefunikwa nailoni. Kina vijitundu vidogo miguuni, na unga laini unadondoka kila ukikitikisa. Fundi kasema mteja amekirudisha, kina wadudu, kinasubiri kutiwa dawa, na kisisogezwe karibu na mbao nyingine. Nikamshukuru. Nikakodi mkokoteni.

Nimekiweka sebuleni, katikati ya makochi ya mbao ya mama mkwe, kimeegemea kabati lake la vyombo. Kimependeza mno! Ukitega sikio unasikia kinatafunatafuna kwa mbali, taratibu, kama mtu aliyeridhika.