Gundi kwenye Sanduku la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Mama mkwe amehamia kwetu. Au hajahamia. Inategemea unamuuliza nani.

Macho yake yamefifia. Anaona mwanga wa dirisha na vivuli vya watu, basi. Daktari amesema hayatarudi, na kuishi peke yake sasa hakuwezekani. Aliyemleta ni mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, kwa gari lake, pamoja na godoro jipya ambalo bado limo kwenye nailoni. Ile nailoni kaiacha makusudi. Akasimama katikati ya sebule yangu akatangaza kwamba hapa ni kwa muda tu. Jumapili familia itakaa kikao, na mama atasema mwenyewe anataka kuishi kwa nani. Akatazama dari yangu. Akatazama kuta zangu. Mtu mbaya sana yule akinyamaza!

Nampenda mama mkwe. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Tangu mama yangu mzazi afariki, ni yeye tu anayeniita mwanangu. Lakini leo alikaa kitandani mchana kutwa, mkono juu ya sanduku lake la bati, kama abiria anayesubiri kuitwa. Na chumba chenyewe kilikuwa stoo. Bado kinanuka vitunguu.

Mwanyumba ana pesa. Mimi nina mikono. Hicho chumba nitakipamba mpaka ashindwe kutoka.

Jumanne, 5 Mei

Faida ya kuuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mabaki. Leo nimeondoka na rangi ya kijani iliyoganda pembeni lakini hai katikati, brashi iliyopoteza nusu ya nywele, na kopo la gundi nyeupe ya maseremala lililobonyea, ambalo hakuna mteja aliyelitaka. Bosi aliuliza najenga nini. Nikamjibu, najenga familia. Akarudi kwenye misumari yake.

Mke wangu ni fundi cherehani. Vipande vya vitambaa viko kwenye mfuko chini ya mashine. Kaniruhusu, ila nisiguse chochote kilichokunjwa.

Nimeanza na makopo mawili ya maziwa, la sukari na la chumvi. Kata kitambaa, paka gundi, zungusha, bana. Nimeyavalisha yote mawili kitambaa kilekile cha maua ya njano. Mapacha! Kidole gumba kiliganda na cha shahada, nikala chakula cha jioni kama kaa. Lakini makopo yanapendeza, hata mke wangu alikubali. Kisha akaniuliza, mbona nampambia rangi mtu asiyeona rangi? Nikamwambia uzuri si wa macho peke yake. Sentensi nzuri. Sijui imetoka wapi.

Jumatano, 6 Mei

Siku ya mkosi.

Asubuhi mama mkwe alisema amechoka kuhudumiwa kama mgonjwa, leo chai anapika yeye. Tukafurahi. Alipapasa rafu, akapata kopo, akakoroga, akatuletea vikombe bila kumwaga hata tone. Nikanywa.

Chumvi! Chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki!

Nilimeza. Nikasema chai tamu, mama. Nikamaliza kikombe chote, machozi yakinilenga. Mke wangu naye akapiga funda moja, likamrudi. Mama akauliza kuna nini, akaonja yake. Akaweka kikombe chini taratibu. Akasema macho yake sasa yameanza kumwaibisha mbele za watu, akaenda chumbani.

Sielewi kosa lilitoka wapi. Makopo yalikuwa mahali pake.

Mapumziko ya mchana nikarudi nyumbani, nikapaka kiti chake rangi ya kijani, kumchangamsha. Nilisahau kutangaza. Akakikalia. Gauni lake sasa lina kiti na kiti kina gauni. Jioni gundi ikawa inapungua, nikachemsha unga wa ngano uwe mzito, nikabandika mstari wa kitambaa ukutani juu ya kitanda. Rahisi, bure kabisa. Sasa hivi naona sisimizi wamejipanga juu yake wanakula karamu.

Lakini bado nina silaha moja.

Alhamisi, 7 Mei

Nilimwambia bosi jino linaniuma. Mke wangu alimpeleka mama kliniki. Nyumba tupu. Kazi!

Lile sanduku la bati. Limebonyea, limekwaruzika, lina kutu pembeni, aibu tupu mbele ya godoro la mwanyumba. Nikalisugua kwa msasa. Nikalipaka gundi mwili mzima, nikalivalisha kitambaa cha mistari ya buluu na nyeupe kutoka chini hadi juu, pembe nikazikunja kama zawadi ya harusi. Juu ya kitambaa nikapaka gundi nyingine iliyochanganywa na maji, ili kiwe kigumu na king'ae. Halafu nikalihamishia chini ya dirisha, lipate mwanga. Nilirudi nyuma nikalitazama. Niseme ukweli, nilijipigia makofi.

Walirudi alasiri. Nilisimama mlangoni kama mpiga picha. Mama akaingia, akaenda moja kwa moja upande wa kitanda, akanyoosha mkono. Hewa. Akanyoosha tena. Akainama, akapapasa sakafu.

“Sanduku langu liko wapi?”

Nikamwambia liko hapa, mama, chini ya dirisha, subiri uone! Nikamshika mkono nikamwekea juu yake. Akalipapasa kwa mikono yote miwili, mbele, nyuma, pembeni. Nikasubiri sifa.

“Hili si langu, mwanangu,” akasema. “Nimeibiwa.”

Nikaapa ni lake. Akatafuta kifuniko. Kifuniko kimeganda. Gundi imepita kwenye ufa wote, na ndani zimefungiwa nguo zake, picha zake, kila kitu. Ndipo akaketi sakafuni na kulia. Si kwa sauti. Kama mtoto anayejua hakuna anayekuja.

Mke wangu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 8 Mei

Sikwenda kazini. Jino sasa linauma kweli, nadhani ni adhabu.

Nilikaa na sufuria ya maji ya moto, kitambaa cha kukandia na kisu cha mezani, nikaanza kuvua sanduku nguo. Kazi ya kuvalisha ilikuwa saa chache. Kuvua hakuna mwisho. Mama alikaa kwenye kiti cha kijani, ambacho sasa kimekauka, akisikiliza nikikwangua.

Kisha akaniambia nisogee, akashuka, akakaa karibu yangu. Mkono wake ukatembea pale nilipokwisha kuvua. Ukasimama.

“Hapa,” akasema. “Hapa panapobonyea. Siku nilipoolewa, baba mkwe wako aliliangusha hili kwenye ngazi. Akaigombeza ngazi!”

Akacheka. Nami nikacheka, ingawa sikuwa na uhakika kama nimeruhusiwa. Akanionyesha mkwaruzo wa bawaba, akanionyesha mahali kutu inapoanza. Akasema kule nyumbani kwake, kila asubuhi, alikuwa anaweka mkono kwenye hilo bonyeo kabla ya kushusha miguu, na mara hiyo anajua mlango uko wapi, dirisha liko wapi, na yeye ni nani. Jana alinyoosha mkono hakukuwa na kitu. Akasema alidhani amekufa, tena kwenye nyumba ya watu.

Nikaendelea kukwangua. Nilikuwa na kazi ya kuangalia chini.

Kifuniko kilifunguka alasiri, kikatoa mlio kama wa kupasua gunia. Nguo salama. Nikalirudisha kando ya kitanda, pale pale.

Jumamosi, 9 Mei

Mama ameniita jikoni akaniuliza gundi imebaki? Nikaogopa. Nikasema kidogo. Akasema lete, na lete mfuko wa binti yangu wa vitambaa, na vifungo.

Akayachukua yale makopo mapacha. “Mwanangu, umewavalisha wawili sare moja, halafu unataka nisiwachanganye?”

Ee! Ile chai!

Basi yeye anachagua, mimi nabandika. Sukari ikapata kifungo kikubwa cha koti. Chumvi ikazungushiwa kamba ya katani. Majani ya chai, kipande cha kodrai chenye matuta. Kila nilipobandika alipitisha kidole pembezoni: hapa gundi imejaa, futa, hapa pameinuka, bana tena. Mkali kuliko bosi. Kwenye fremu ya mlango wa chumba chake tukabandika utepe wa taulo kuukuu, kwenye mlango wa choo vifungo vitatu wima. Mke wangu aliacha cherehani akaja kusimama mlangoni, mita ya kushonea shingoni, akatuangalia. Alipomsikia mama yake akinifokea kuhusu kamba, akageuka haraka akarudi kwenye mashine. Lakini mashine haikulia kwa muda.

Jioni mama akapika chai. Tamu mno. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 10 Mei

Kikao.

Mwanyumba alifika na mkewe, shemeji yangu, na saa ya ukutani kubwa kama sinia. Saa! Kwa mtu asiyeona! Niliifurahia kimoyomoyo. Akaeleza nyumba yake: vigae kila mahali, chumba chenye bafu lake, msichana wa kazi wa kumshika mkono asijikwae. Alieleza vizuri. Hata mimi nilitamani kuhamia.

Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru, akamwita mwanangu, na yeye pia, jambo ambalo sikulipenda.

“Kwako ni pazuri,” akasema. “Lakini kila kitu ni laini, baba. Ukuta laini, meza laini, mlango laini. Nikigusa sijui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Nitakuja kuwatembelea kila wiki. Kulala, nitalala hapa.”

Shemeji akauliza, je, hapa wanamtunza? Mama akasema: “Huyu anaharibu. Lakini ukimwambia, anakaa chini anakwangua.”

Nilitazama dirishani. Vumbi limezidi mtaa huu.

Baadaye nilimkuta mwanyumba peke yake jikoni, amefumba macho, anapapasa makopo kwenye rafu. Aliponisikia akafumbua haraka. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ningeweza kwenda kwake siku moja na vifungo vyangu. Ningeweza kumwambia ni rahisi, hata mtoto anaweza. Nikamwambia itabidi niangalie ratiba yangu, sanaa hii inataka kipaji.

Jumatatu, 11 Mei

Ushindi! Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Ukweli ni kwamba urembo ndio uliombakisha mama mkwe. Yeye kasema mambo ya kugusa na kukwangua kwa unyenyekevu tu, asimwaibishe mwanyumba. Mtu na kipaji chake hawafichiki.

Sasa hivi, bosi akidhani niko kwa daktari wa meno, mama amejipumzisha baada ya chakula cha mchana. Mke wangu amekwenda kupeleka gauni la mteja. Nimekaa hapa mlangoni, nimeviona viatu vya mama. Vyeusi, vimekunjamana, kisigino kimoja kimeliwa upande, vimefuata umbo la mguu wake hadi kidole cha mwisho. Haifai. Mama wa nyumba yenye msanii!

Gundi ipo. Kitambaa chekundu kipo, kilikuwa kimekunjwa lakini nimekikunjua. Nitavivalisha vyote viwili, ndani na nje, kisha nitaviweka mahali penye mwanga.

Akiamka hatavitambua kabisa!