Wimbo wa Mwisho wa Koome Ngurumo Ni Wangu Mimi

Jumapili, 6 Agosti 1989

Nimefika Nkubu. Mji umepata mgeni wa maana na bado haujajua.

Nimelala kwa Virginia, binti wa dada yangu, aliyeolewa huku na kufungua duka la kushona nguo. Ndiye aliyeniandikia habari tangu Pasaka. Jumamosi hii kuna tamasha la kumkumbuka Koome Ngurumo, mwaka mmoja tangu tumzike. Ndiyo, tumzike! Nilikuwa karibu sana na kaburi. Mbele yangu walikuwepo watu mia tatu hivi, si zaidi.

Koome Ngurumo! Mtu wa kwanza kupiga roki kuzunguka mlima huu mzima. Gitaa la umeme, nywele kama michai iliyokosa kupogolewa, suruali ya belbotom iliyofagia vumbi kutoka hapa mpaka Embu. Alipokuja kwetu Runyenjes mwaka wa sabini na nne, ng'ombe walikata kamba. Jogoo waliwika saa tatu usiku. Nilikuwepo. Tena nilikuwa ndani ya bendi, upande wa sauti. (Spika ni sauti. Anayebeba spika yuko upande wa sauti. Asiyekubali na abebe yeye.)

Sasa shida ni hii. Mjane wake, Felicitas, tangu mazishi hajaruhusu mtu kupiga nyimbo za mumewe. Hata baa zimetii. Ameruhusu jioni hii moja tu, halafu gitaa linarudi sandukuni na kufuli juu. Wimbo wa mwisho, "Kahawa Imechanua", utaimbwa na mtu mmoja, na Felicitas ndiye atakayemchagua.

Mtu huyo ni mimi. Nimemwambia Virginia. Akasema, pole Anko, lakini si hata kwaya ya kanisa ilikutoa ukawa wa kupanga viti? Nikamjibu kwamba hakuna tamasha lisilo na viti.

Jumatatu, 7 Agosti

Nina adui. Jina Naftaly, kinyozi wa hapa stendi. Watu wanasema ukifumba macho akiimba, utadhani Koome amefufuka. Ana miwani nyeusi kama ya Koome. Anasimama kama Koome. Ati hata kukohoa anakohoa kama Koome!

Nikaenda kumpeleleza. Nilijifanya mteja wa kawaida, nikaketi kwenye kiti chake, nikasema nipunguzie kidogo tu pembeni. Huku juu nimefuga nywele tangu Pasaka kwa ajili ya hii kazi. Akaanza kunyoa, akaanza kuimba. Nikafumba macho. Kwa dharau.

Nilipofumbua, kichwa changu kilikuwa kama yai la bata.

Naftaly akasema mzee ulilala, nikakuuliza nitoe zote, ukatikisa kichwa. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakaapa kwamba nilitikisa. Sikulala. Na kama nilitikisa kichwa, nilikuwa nafuata mdundo.

Jumanne, 8 Agosti

Kofia. Baridi ya Nkubu haina heshima kwa kipara.

Virginia amekubali kunishonea belbotom. Hakuna kitambaa cha kutosha dukani, kwa hivyo imetoka kwenye pazia lake la sebuleni. Maua mekundu makubwa. Nimemwambia asitoe zile pete za juu, zinaleta mlio mzuri mtu akitembea. Akasema Anko, watu watacheka. Nikasema hata Koome walimcheka mwanzoni. Akasema Koome alikuwa anajua kuimba. Watoto wa siku hizi wana midomo.

Jumatano, 9 Agosti

Leo nimetumia akili ya watu wazima.

Naftaly ana sauti. Sawa. Lakini mimi nina njia. Ukitaka sikio la mjane, unapitia kwa wazee wa boma, na msemaji wa boma hilo ni Mzee Bundi, kaka mkubwa wa marehemu. Na huwezi kwenda kwa mzee wa Kimeru mikono mitupu. Unapeleka miraa!

Nikaenda sokoni kwa mama muuza miraa. Nikamwambia sitaki ya kutafuna njiani, nataka ya heshima, napeleka kwa Mzee Bundi, nina neno kuhusu Felicitas. Yule mama akaniangalia kutoka kofia mpaka viatu. Akauliza kama naenda bila wazee wangu. Nikasema mimi ni mzee wangu mwenyewe. Akauliza kama mke wangu amekubali. Nikasema Wambeti yuko Runyenjes na mambo kama haya huwa mtu hamwulizi mke wake. Hapo akacheka mpaka akashika kiuno. Akachagua vijiti virefu kimoja kimoja, akavipanga, akavifunga kwa maganda ya mgomba, akanibariki. Kina mama wengine wakapiga vigelegele.

Kumbe hata sokoni wanapenda roki!

Virginia alipoona kile kifungu akasimamisha cherehani. Akaanza kusema Anko, hicho kifungu kilivyofungwa hivyo. Nikamkatiza. Mimi natoka nchi ya muguka, miraa ya majani. Nimetafuna majani kabla mama yake hajaota meno. Hakuna mtu wa Nkubu atanifundisha kuhusu majani.

Alhamisi, 10 Agosti

Ushindi unanukia!

Nimepokelewa na Mzee Bundi na wazee wengine watatu. Nikaweka kifungu mbele yao. Wakakitazama. Wakanitazama. Wakatazamana. Nikaona nimewashika.

Wakaanza kuniuliza, na maswali yao yalikuwa ya kina kuliko nilivyotarajia kwa mambo ya muziki. Wakauliza nina shamba? Nikasema kahawa yangu inaonekana kutoka kwenye ndege. Nyumba? Ya mabati, tena inakaribisha mtu yeyote. Afya? Nikasimama na kuruka mara mbili. Watoto? Sita, Njagi akiwa wa kwanza, na nguvu bado ziko. Mzee mmoja akaandika kitu hewani kwa kidole.

Mzee Bundi akauliza jambo hili limenipata lini, kwa umri huu. Nikasema ukweli wa moyo wangu, kwamba liko ndani yangu tangu ule usiku wa sabini na nne kule Runyenjes. Mmoja akakohoa. Mzee Bundi akauliza taratibu, yaani Koome akiwa hai? Nikasema akiwa hai kabisa, tena amesimama pale pale, na alijua, na hakusema neno kwa sababu alinipenda.

Walikaa muda mrefu wakinung'unika Kimeru. Halafu Mzee Bundi akakohoa, akafungua kifungu, akachomoa kijiti, akatafuna. Wengine wakatafuna. Akasema neno ni zito lakini mlango haujafungwa, nirudi kesho nimsikie Felicitas mwenyewe.

Nimerudi nikiimba njia nzima. Mbwa wawili walinisindikiza.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimeharibikiwa.

Nilipomhadithia Virginia asubuhi, alilalia cherehani akalia. Nikadhani ni furaha. Alikuwa anacheka. Kumbe kile kifungu kilichofungwa kwa mgomba na kupelekwa kwa wazee kina jina, kinaitwa ncoolo, na kina kazi moja tu: ndicho watu wa huku wanachoombea mke. Na wazee wakikitafuna, wamekubali mazungumzo yaanze.

Nimeposa mjane wa Koome Ngurumo! Na nimewaambia ndugu zake kwamba nilimtamani Felicitas huku mumewe akiwa hai amesimama pale pale!

Habari ilifika Runyenjes kabla ya maziwa. Saa nne gari la maziwa likaniletea mzigo kutoka kwa Wambeti. Blanketi langu na kijiko kimoja. Hakutuma neno. Kijiko kimoja kinajieleza.

Nilipanga kutoroka. Nilipanga pia kusema mimi si Runji, ni mtu anayefanana naye. Lakini kichwa hiki kilichonyolewa kinajulikana mji mzima. Nikaenda kwa Mzee Bundi.

Felicitas alikuwa ameketi katikati. Mama mnene, mtulivu, ana macho ya mtu aliyelala vibaya mwaka mzima. Mzee Bundi akasema kifungu kikishatafunwa hakirudi, na anayechezea wazee hutoa dume la kondoo. Felicitas akainua mkono. Akaniuliza, baba Njagi, wewe hasa ulikuwa unataka nini?

Nikasema wimbo. Nilitaka tu kuimba ule wimbo.

Halafu Felicitas akaanza kucheka. Alicheka kuanzia tumboni, leso ikaanguka. Mzee Bundi akageuka upande na kupangusa macho, akasema hajasikia hicho kicheko tangu mazishi. Felicitas akasema ananikumbuka, mimi ndiye niliyeanguka mtaroni na spika kule Runyenjes, na Koome alisimulia mambo yangu miaka mingi. Sikuanguka. Nilishuka haraka.

Lakini Koome alikuwa ananitaja! Miaka mingi!

Hukumu ikawa hivi. Kondoo abaki kwao. Kesho, Naftaly akishamaliza zake zote, mimi nipande niimbe "Kahawa Imechanua" ndio Nkubu yote ione ni mwanaume gani aliyekuja kumposa. Hiyo ndiyo faini yangu. Wazee wakajipiga mapaja kwa kucheka.

Ati faini. Nimehukumiwa kushinda!

Jumapili, 13 Agosti

Jana sikuandika. Utukufu ulinizidi.

Ukumbi wa chama cha kahawa ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wazee wenzangu wametoa belbotom za zamani, zinanuka nafthalini na hazifungi tumboni. Kina mama waliokuwa wasichana wa kucheza mbele sasa wanacheza wameketi.

Naftaly akaanza. Nitasema ukweli: ni Koome mtupu. Sauti, miwani, bega, kikohozi. Mwanzo watu walipiga kelele ya kupasua mabati. Wimbo wa pili wakapiga makofi. Wa tatu wakanyamaza. Mzee mmoja nyuma yangu akaguna kwamba Koome hakuwa akishika gitaa hivyo, mwenzake akamwambia nyamaza, ndivyo hasa alivyoshika, na ndiyo maana mimi nataka kutoka nje. Mama aliyekaa karibu nami alikuwa analia. Akasema ni kama kuitwa kuutazama mwili mara ya pili. Felicitas alikuwa anaangalia sakafu. Nilijua mawazo yake yako kwenye lile sanduku.

Halafu Mzee Bundi akapanda na kutangaza: mchumba wa mke wetu!

Jamani, kicheko! Nilitembea na pete za pazia zikilia chring, chring. Mtu akapaza sauti, mchungeni huyo kabla hajaposa maikrofoni! Nikavua kofia kwa heshima. Kicheko kikaongezeka. Mpiga gitaa akatafuta sauti yangu iko wapi, akatafuta juu, akatafuta chini, akakata tamaa.

Ubeti wa kwanza niliuimba wote. Ubeti wa pili ukanihama. Kabisa. Nikafungua mdomo, hakuna kitu. Nikasimama pale na maua yangu mekundu mbele ya watu wote wa Nkubu.

Mama mmoja kutoka nyuma akanirushia neno. Nikalidaka. Mwingine akarusha mstari. Halafu yule mzee aliyekuwa anaguna. Halafu benchi lile lote, halafu madirisha. Ukumbi mzima ukaimba, kila mtu na sauti yake, wengine mbele wengine nyuma, wakulima na walimu na makanga wa matatu, hakuna aliyekuwa anafanana na Koome hata kidogo. Naftaly akavua miwani, akaja kando yangu akiwa Naftaly tu, akapiga gitaa.

Ubeti wa mwisho, ule Koome alioutunga kwa ajili ya mkewe, watu walipunguza sauti wenyewe. Felicitas akasimama. Akauimba peke yake, na kichwa juu.

Mimi nilishika maikrofoni. Mtu lazima aishike.

Baadaye alimwambia Mzee Bundi kwamba gitaa halirudi sandukuni, na kila Agosti watu waje waimbe, na baa ziendelee na kazi zake. Halafu akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili. Akasema asante, baba Njagi, umesahau vizuri sana.

Nadhani kwa zile kelele alitaka kusema nimeimba.

Jumatatu, 14 Agosti

Runyenjes. Nimelala kwenye banda la kuku, lakini upande ulio mzuri.

Virginia alinisindikiza awe shahidi wangu. Wambeti alimsikiliza yote akiwa dirishani, akafungua mlango asubuhi. Akasema yeye hakukasirika kwamba niliposa. Kilichomshtua ni kwamba kuna wazee wanne wenye akili timamu walioniamini. Nimepewa uji. Kijiko nilikuwa nacho.

Mchana akaja mtu kutoka Timau. Wafanyakazi wa mashamba ya ngano wanataka kumkumbuka Koome nao mwezi ujao, na wamesikia kuna mzee aliyechekesha Nkubu. Wananiomba. Nimemwambia huyo bwana amepotoshwa, mimi sichekeshi watu, mimi ni mwanamuziki, na Koome Ngurumo alikuwa mwanafunzi wangu. Akafurahi sana. Alirudi akicheka njia nzima kwa furaha.

Virginia ananisihi ati nikae naye jioni mbili tu anifundishe ule wimbo mpaka mwisho. Nimekataa. Kule Nkubu kila neno nililotaka kuimba, watu walikuwa wanalijua tayari. Hiyo ni alama ya mwimbaji mkubwa. Mazoezi ni ya kina Naftaly.

Maneno ya ubeti wa pili sijayashika bado, hilo ni kweli. Lakini hata Koome mwenyewe aliyapata kwangu.