Kamati ya Kuziba Matundu Manane

Wananchi wa Garsen wanatangaziwa kwamba Serikali haitavumilia tena tundu lolote lisilo na kazi. Tangazo hilo lilisomwa kwa kipaza sauti mbele ya ofisi ya tarafa, mwaka ule mafuriko ya El Niño yalipokwisha, na msomaji alikuwa Bwana Mangi, afisa wa tarafa, kavaa tai kwenye jua lile. Watu wakaangaliana. Kila mmoja akawaza paa lake.

Kumbe matundu yenyewe yalikuwa manane tu, na yote yalikuwa kwenye injini ya gari la ofisi, gari la Kimarekani la zamani, refu kama josho la ng'ombe. Enzi zake, pampu ilipuliza hewa kupitia matundu hayo kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini, ili moshi utoke safi. Pampu ikafa, mabomba yake yakang'olewa, matundu yakabaki wazi. Gari likiwashwa, moto ulitoka humo kwa mlio wa bunduki, na wafugaji wakalala kifudifudi.

"Mkuu, bolti nane tu," alisema Jairus, dereva. "Robo saa nimemaliza."

"Kienyeji hivyo? Bila kamati?"

Msimdhanie vibaya. Mangi alikuwa na shida ya kweli. Miaka sita alikuwa ametupwa Garsen, mkewe Asenath yuko Voi, na bintiye wa mwisho alikuwa akimwita "mjomba". Ijumaa Waziri Mdogo alikuwa anakuja, na gari likimfurahisha, neno lake moja tu lingemrudisha Mangi nyumbani. Alikutamani nyumbani mpaka usingizi ukampaa.

Kamati ikakaa. Ikanywa chai. Ikaazimia kwamba bidhaa za tarafa zipewe kipaumbele. Tarafa haikuwa na bolti. Ilikuwa na vizibo vya vibuyu vya maziwa. Basi akaitwa Mama Darmi, mama wa Kiorma anayevichonga pale sokoni.

"Baba, mti ndani ya moto?" aliuliza.

"Mama, huu si mti. Ni bidhaa ya tarafa."

Haya. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, na mti mkavu aliobaki nao ni ule wa kufukizia. Wafugaji huuchoma, wakafunika kibuyu juu ya moshi wake ili maziwa yasiharibike upesi na yanukie. Akachonga vizibo vinane. Mangi akavigongelea mwenyewe kwa nyundo, kamati ikapiga makofi.

Ijumaa, ndege ndogo ilimshusha Mheshimiwa ikaenda zake. Kurudi Malindi, angetumia gari la ofisi. Gari likaondoka kimya kabisa. Mangi nusura alie kwa furaha. Walipofika kwenye mnada wa mifugo, vizibo vilikuwa vimeanza kufuka polepole, na moshi mtamu ukaenea uwanja mzima. Akina mama wakanusa. Lo! Wakakimbilia majumbani, wakarudi na vibuyu, wakafungua boneti bila kumwomba mtu ruhusa, wakavipanga midomo chini. Ndama nao wakamzingira Mheshimiwa, wakaanza kuilamba suti yake iliyonukia kama kibuyu cha kwao.

"Hili ni wazo la nani?" Mheshimiwa akauliza.

Mangi angeweza kusema ni ajali. Akaikumbuka Voi.

"Langu, Mheshimiwa! Langu peke yangu!"

Vigelegele vikapaa. Mheshimiwa akasikia kura. Akanyakua kipaza sauti na kutamka kwamba kuanzia leo, gari hili ni Mradi wa Taifa wa Ufukizaji wa Vibuyu, na halitatoka Garsen. Na mtaalamu kama Bwana Mangi hawezi kuhamishwa hata siku moja. Atauongoza mradi mpaka astaafu.

Makofi. Hapo ndipo msaidizi wake alipomnong'oneza kwamba usafiri wa Malindi ulikuwa ni gari hilo hilo. Lakini tamko limeshatoka, na tamko la Serikali halimezwi. Mheshimiwa akapandishwa lori la mbuzi, suti na yote, akawa anapunga mkono katikati ya pembe.

Mangi akabaki amesimama kando ya boneti, machozi yakimtoka. Watu walidhani ni moshi.

"Mkurugenzi," Mama Darmi akamwita, "ingia ukanyage mafuta, baba. Kibuyu changu bado hakijanukia."